Siku Mbungo Alipoambiwa Asimame

Hebu mniambie, ninyi mliokaa hapo na simu mikononi: kila kilicho juu kimesimama?

Mnatazamana. Sawa, tazamaneni, jibu nitalidai mwishoni. Kwa sasa wekeni simu chini, maana ngano hii haihitaji bando. Nikisema "Msitu," ninyi semeni "Una wenyewe." Haya.

Msitu!

"Una wenyewe!"

Wenyewe wapo?

"Wapo!"

Wako wapi?

"Wako kikaoni!"

Wanakula nini huko?

"Mabungo!"

Basi waacheni wale. Sisi tusimulie.

Hapo kale, wala si kale ya mababu, kale ya juzijuzi tu, palikuwa na msitu wenye paa. Ndiyo, paa. Mvule alishikana mabega na mkongo, mkongo akashikana mabega na mkangazi, na huko juu majani yalibanana mpaka jua likitaka kushuka lazima libishe hodi. Chini kulikuwa na kivuli na ubaridi, na miche midogo imekaa kimya kwenye foleni, inasubiri zamu yake ya kukua. Foleni ilikuwa inasogea. Polepole, lakini ilikuwa inasogea. Kumbukeni hilo, maana foleni inayosogea siku hizi ni kitu cha kusimuliwa watoto.

Ndani ya mkangazi mmoja mkubwa, kwenye tundu la shina, aliishi Perere. Mnamjua Perere? Kimnyama kama sungura aliyenyang'anywa masikio, manyoya mazito, mkia hana hata wa kusingiziwa. Ila sauti! Sauti yake inaanza kama mlango mbovu, kriii, kriii, inapanda, inapanda, inaishia kama mtu aliyeibiwa pikipiki: waaaa! Katika tundu lile alizaliwa yeye, akazaliwa mama yake, akazaliwa mama wa mama yake, na wote walimwita yule mti Bibi. Bibi Mkangazi.

Na Perere alikuwa msomi. Nani kacheka? Nasema alikuwa msomi. Alivuka mto akaenda chuo, akasoma jinsi msitu unavyokua, jinsi unavyokufa, na nani huwa anauua. Akavaa joho lililoburuzika chini, akapigwa picha. Akarudi nyumbani na digrii yake, moja kwa moja Kamati ya Msitu, kuomba kazi.

Kamati ile ilikuwa ya manyani. Sisemi ilikuwa na manyani. Ilikuwa ya manyani. Mwenyekiti Nyani mwenyewe, tumbo mbele. Makamu wake shemeji yake. Katibu mtoto wa shemeji.

"Karibu kijana," Nyani akasema. "Digrii unayo?"

"Ninayo, Mheshimiwa."

"Safi sana. Mkia unao?"

"Mkia?"

"Position hii inahitaji mkia."

"Excuse me, Mheshimiwa, kazi yenyewe ni kutunza miche. Mkia wa nini?"

"Wa kuning'inia vikaoni. Next!"

Next alikuwa mpwa wake. Mkia huo, mita nzima!

Perere akarudi kwa Bibi Mkangazi na joho lake kwapani. Bibi hakuuliza kitu. Alisema tu, "Ingia mjukuu wangu, tundu lipo." Mnajua uzito wa neno hilo? Huna kazi, huna mkia, huna mjomba, lakini mahali pa kulaza kichwa papo. Perere hakuwa na kingine chochote chini ya jua. Alikuwa na tundu lile tu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa msisinzie. Msitu ule ulikuwa na desturi moja. Mkuu wa Msitu alikuwa haapishwi kwa maneno, maana maneno hata kasuku anayo. Anayetaka ukuu alisimama mbele ya wote, peke yake, hakuna wa kumshika, hakuna cha kuegemea. Halafu Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo kama tarumbeta, anaimba wimbo wa kuapisha, mwanzo mpaka mwisho. Wimbo ukiisha nawe umesimama, ukuu wako. Mvule alisimama hivyo, majirani wakarudisha matawi yao nyuma, upepo ukavuma, Mvule hakutikisika. Ndiye akawa Mkuu. Hata Kobe aliwahi kusimama. Alianguka kabla wimbo haujaisha, lakini alisimama.

Basi. Siku moja wakaja wenye misumeno.

Ngrrrrr! Mkongo, chini. Ngrrrrr! Mninga, chini. Ngrrrrrrrr! Mvule, Mkuu wa Msitu mwenyewe, kwaa, kwaaaa, puuuu! Chini. Wakamfunga minyororo kama mwizi, wakamburuta, wakaondoka naye. Kikabaki kisiki, na juu yake tundu kubwa kwenye paa. Jua likaingia bila hodi.

Perere mbio mpaka Kamati.

"Mheshimiwa! Nani kawapa kibali hawa?"

"Kimetoka juu," Nyani akasema.

Perere akatazama juu. Alimwona kunguru peke yake, naye alikuwa anahama.

Nyani akapanda juu ya kisiki cha Mvule, utomvu haujakauka, akakohoa kidogo. "Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa sana, kuanzia sasa hivi nakaimu." Akakaa. Mpaka wimbo wa kuapisha ukaanza kusahaulika, bado alikuwa anakaimu. Kukaimu hakuna kusimama, mnaona? Unakaimu umekaa.

Na pembeni ya kile kisiki, jua lilipopiga, kuna mtu akaamka.

Mbungo.

Msinielewe vibaya. Mbungo hakuja na meli. Siku zote alikuwepo, mmea wa kutambaa, kamba nyembamba, jirani kama majirani wengine, anatoa matunda yake mawili matatu machachu, watoto wa kima wanafurahi, maisha yanaendelea. Kwenye msitu wenye paa, Mbungo ana adabu. Lakini mpe jua la bure na kamati inayolala, halafu urudi baada ya masika uone.

Mti wa kawaida hula jasho lake. Anajenga shina, mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo, ndipo anapanda juu. Mbungo akatazama hesabu hiyo akacheka. "Shina la nini," akasema, "na mashina ya watu yapo?"

Akamwendea mkongo mchanga, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya kukua.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Mbungo."

Mbungo akaimba kwa sauti ya mgonjwa:

*Nikuegemee kidogo, nipumue kidogo,*
*kesho nikipata nguvu nitasimama mwenyewe.*

"Egemea tu, ndugu yangu," mkongo mchanga akasema.

Mbungo akaegemea. Tik! Akatoa kikono chenye ndoano, akashika. Tik! Kingine. Tik, tik, tik! Akazunguka, akapanda, akafika kichwani, akatandaza majani yake juu ya majani ya mwenzake kama mtu anayekufunika uso kwa koti. Kesho ikaja. Mbungo hakusimama mwenyewe. Keshokutwa ikaja. Mkongo mchanga akasema, "Kaka, sioni jua." Mbungo akasema, "Vumilia." Mkongo akakunjika kama mzee, akafa angali amesimama.

Mbungo akamwendea mkongo mkubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

*Nikuegemee kidogo, nipumue kidogo,*
*kesho nikipata nguvu nitasimama mwenyewe.*

"Egemea mwanangu."

Tik! Tik! Tik, tik, tik! Safari hii alimfunga mkongo mkubwa pamoja na jirani yake, na jirani wa jirani yake, kamba moja shingo tatu. Upepo ukaja, mkongo akayumba, kwaa, akaanguka, akamvuta mwenzake, kwaaa, mwenzake akamvuta wa tatu, kwaaaa, puuuu! Tundu lingine kwenye paa. Jua lingine la bure. Mbungo akajikung'uta vumbi, akapanda aliyebaki. Na chini, ile foleni ya miche? Ilifunikwa na kamba mpaka haionekani ilianzia wapi. Hakuna aliyesogea tena. Inawakumbusha kitu? Mimi nakaa kimya.

Mtauliza, Kamati ilikuwa wapi. Kamati ilikuwa kikaoni, si mmesema wenyewe? Kila kikao Mbungo alileta mabungo. Mabungo ya njano, makubwa, yamejaa mbegu zenye nyama ya kufyonza. Nyani anapasua, anafyonza, anatema. Fyonz, tu! Fyonz, tu! Na mbegu ya bungo ukiitema kwenye jua la bure haiulizi jina la baba yako, inaota. Kila Nyani alipotema, Mbungo mdogo akachipua. Wapumbavu wale walikuwa wanakula rushwa na kuipanda papo hapo. Sijawahi kuona kilimo cha namna hiyo, na nimesoma.

Perere akaenda tena Kamati.

"Mheshimiwa Kaimu, Mbungo anaua msitu."

Fyonz, tu! "Una ushahidi?"

"Tazama nje."

"Kijana," Nyani akasema, na maji ya bungo yanamchuruzika kidevuni, "ninyi wasomi mna tabu. Mnaona lakini hamwelewi. Tazama vizuri. Mbungo katoka mti huu, kafika ule, kashika na ule. Si ndiyo? Sasa jiulize: nani anamshikilia nani? Mbungo ndiye anayeushikilia msitu huu! Akiachia leo, miti yote chini!"

"Apewe makofi!" akasema makamu.

Paa, paa, paa. Manyani wakapiga makofi. Katibu akaandika ukutani kwa mkaa: MBUNGO ANAUSHIKILIA MSITU. Kikawa kibwagizo. Kikao kinafunguliwa nacho, kinafungwa nacho. Watoto wa manyani wakakiimba shuleni.

"Changamoto yako tumeipokea," Nyani akamalizia. "Noted."

Noted! Nikilisikia neno hilo meno yananiuma mpaka leo.

Perere aliporudi nyumbani akasikia sauti chini ya mti wake.

"Shikamoo bibi."

Manyoya yakamsimama. "Bibi, usiitikie!"

Lakini Bibi Mkangazi ni wa zamani. Wa zamani akisalimiwa huitikia. "Marahaba mjukuu wangu."

*Nikuegemee kidogo, nipumue kidogo,*
*kesho nikipata nguvu nitasimama mwenyewe.*

"Bibi, mwambie hapana! Hapana, ni neno jepesi tu!"

"Mgeni akiomba bega utamnyima, Perere?" Bibi akasema. "Egemea, mjukuu wangu."

Tik! Tik! Tik, tik, tik!

Perere alivuta kamba kwa meno, alikwangua kwa kucha, aling'oa kikono kimoja, vikaota viwili. Ulimi ukamvimba kwa utomvu. Mbungo alipanda huku anapiga mluzi, akapita mlangoni kwa Perere, kamba nene kama mkono ikakatiza tundu nusu kwa nusu, akafika juu, akatandaza majani. Bibi Mkangazi akaanza kulia mifupa. Kriii. Kriii. Alikuwa mkangazi wa mwisho mwenye mbegu. Miguuni pake ulikuwepo mche wake mmoja, mmoja tu, shingo ndefu, unalitafuta jua na haulipati.

"Mabega, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Mabega tu. Upepo wa vuli ukija sitaweza."

Hapo Perere alipanda mpaka tawi la juu kabisa, mchana kweupe, akakaa na hasira zake. Alikuwa na hasira ya kutosha msitu mzima. Alikuwa amesoma jinsi ya kuokoa miti, na mti unakufa huku amekaa juu yake. Akafungua mdomo alie, waaaa, lakini kabla sauti haijatoka akasikia Mbungo anazungumza na mjusi.

"Unaona miti hii yote? Mimi ndiye ninayeishikilia."

Mjusi akatikisa kichwa, kama wanavyofanya mijusi siku zote.

"Mgongo unaniuma," Mbungo akaendelea, "lakini nitafanyaje? Nikiachia, inaanguka. Watu hawana shukrani."

Perere akafunga mdomo wake taratibu. Akakaa. Akafikiri. Yaani huyu mtu anaamini! Kile kibwagizo cha mkaa, walichokitunga ili wapate kula mabungo, mwenyewe kakimeza kizima! Hajawahi kutazama chini akaona hana shina. Anajua yuko juu, basi kwake kuwa juu ndiyo kusimama.

Perere akacheka mpaka tawi likatikisika. Halafu akapangusa mdomo, akashuka, akapiga goti.

"Shikamoo Mheshimiwa Mbungo."

"Oho! Msomi! Leo hunitafuni?"

"Ujinga wa ujana, Mheshimiwa. Nimekaa huko juu nikatafakari. I mean, nilijiuliza: hivi anayeushikilia msitu, kwa nini si Mkuu wa Msitu?"

Majani ya Mbungo yakatulia.

"Kwa nini anakaa Nyani kwenye kisiki," Perere akaendelea, "na tumbo lile, wakati kazi yote unafanya wewe? Wewe unashikilia, yeye anakaimu. Seriously, Mheshimiwa, hii ni haki?"

"Hata mimi," Mbungo akasema polepole, "nimekuwa nikijiuliza."

"Mkuu wa Msitu huwa ana jua la kwanza. Miti yote inainamisha matawi apite."

"Yote?"

"Yote, mpaka ng'ambo ya mto."

Mbungo akatetemeka kwa uchu mpaka mabungo mawili yakadondoka. "Wanitangaze kesho!"

"Kuna kuapa kidogo tu," Perere akasema, anajifanya kukuna kidevu. "Ile desturi. Kusimama kwa muda wa wimbo mmoja. Ila, Mheshimiwa, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Utabidi uachie miti. Na wewe ukiachia, itaanguka yote. Bibi yangu huyu naye ataanguka. Nakuomba, uwahurumie."

Mbungo akacheka, na mlio wake ulikuwa kama kamba inayokazwa. "Kumbe unajua! Basi wacha ianguke! Siku hiyo ndiyo watajua mimi ni nani. Waite wote!"

Hondohondo akapiga mbiu, hoo, hoo, hondo, hondo, hoooo! Wakaja wote. Kamati ilikaa meza kuu, yaani kwenye kile kisiki cha Mvule, pembeni kabisa ya mzizi wa Mbungo, na mabungo yamepangwa mbele yao. Wengine tulikaa kule nyuma juani, kama kawaida yetu.

Nyani hakuwa na raha. Nyani ni mlafi, mpumbavu si sana. Alimtazama Mbungo kuanzia juu akashuka, akashuka, akafika chini penye kamba nyembamba. Akainuka.

"Ndugu zangu, kwa kuzingatia afya ya Mheshimiwa Mbungo, Kamati inapendekeza aapishwe akiwa ameegemea. Au mimi niape kwa niaba yake."

Mpango mzima wa Perere ulikuwa unaelekea shimoni.

Perere akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea mwenyewe, "Mtu akishazoea kukaimu..."

"Nani kasema niko mgonjwa?" Mbungo akafoka kutoka juu. "Nyani! Nimekulisha mpaka hushikiki tumbo, leo unataka kuninyima kiti? Unataka kukaimu mpaka lini? Uniapie wewe? Over my dead body!"

"Mheshimiwa, nisikilize, pengine..."

"Kaa!"

Nyani akakaa.

Hondohondo akasogea katikati, akanyoosha shingo, akaanza wimbo. Yeye siasa hataki, kazi yake wimbo. "Anayetaka ukuu asimame peke yake. Nani kamshika?"

Mbungo akaachia ncha ya kwanza. Tik! Mninga mdogo akapata hewa, akasema, "Ah." Hakuanguka.

Tik! Mkuyu akajinyoosha. Hakuanguka.

Tik! Tik! Akaachia mti mmoja baada ya mwingine, na kila aliouachia aliutazama kwa hamu aone ukianguka, na kila mti ulipanda juu kidogo, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Mbungo akaanza kushangaa. Lakini meza kuu iko mbele yake, ukuu uko mbele yake, watu wote wanatazama. Utarudi nyuma vipi?

Akabaki ameshika mmoja tu. Bibi Mkangazi.

"Mwachie na huyo," Hondohondo akasema.

"Huyu," Mbungo akasema, na sauti imeanza kuwa ya mgonjwa tena, "huyu ni mzee, nikimwachia..."

"Niachie tu, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Nimekaa hapa kabla yako."

Perere alikuwa tunduni mwake, pua kwenye ile kamba iliyokatiza mlango. Aliiona ndoano ya mwisho inalegea.

Tik!

Akaachia.

Je, alisimama? Weee! Kwa muda wa kupepesa jicho alibaki angani, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Halafu: fyuuuu! Gubu! Gubu! Gubu-gubu-gubu-gubu! Kamba juu ya kamba, mzingo juu ya mzingo, urefu wote ule wa kujivunia, ukashuka juu ya meza kuu. Mabungo yakapasuka, pwaa, pwaa! Makamu akapiga kelele, katibu akalia mama, na mkia wa mpwa, ile mita nzima, ukafungwa fundo ambalo halijafunguka mpaka leo.

Na Hondohondo? Hondohondo anaheshimu kazi yake. Wimbo ulikuwa haujaisha. Akanyoosha shingo akaendelea juu ya lile rundo: "Nani kamshika?"

"Hakunaaa!" msitu mzima ukaitikia.

"Kasimama?"

Waliocheka wakalia machozi.

Upepo ukaja. Bibi Mkangazi akayumba kushoto, kriii, akayumba kulia, kriii, Perere akafumba macho. Bibi akatulia. Amesimama. Akakung'uta mbegu zake, zikatawanyika. Na chini kabisa, ule mche wa shingo ndefu, jua likaugusa kichwani.

Perere akafungua mdomo. Waaaaaa! Walimsikia mpaka chuoni.

Hapa ndipo wasimuliaji wengine hufunga. Watu wakaishi raha mustarehe, kwaherini, tukalale. Mimi sifungi hapa, maana mimi nilibaki kutazama.

Kwanza, Mbungo hakufa. Mbungo ukimwangusha anaota pale alipoangukia. Kabla vumbi halijatua, kikono kikatoka kwenye rundo, kikapapasa, kikagusa mguu wa mninga mdogo. "Shikamoo kaka... nikuegemee kidogo..."

Pili, Nyani akajichomoa kwenye kamba, mbegu za bungo zimemganda kwenye ndevu, akapanda palepale kwenye kisiki. "Ndugu wananchi, Kamati imejifunza mengi. Tutaunda kamati ndogo ya kuchunguza nini kilimwangusha Mheshimiwa. Wakati huo naendelea kukaimu. Na vijana wenye nguvu wamsaidie Mheshimiwa ainuke." Akang'oa mbegu kwenye ndevu, akaifyonza, kwa mazoea tu, masikini. Akatema. Tu!

Tatu, Perere alipewa cheti cha ushiriki. Kazi ya kutunza miche bado ni ya mpwa, anaifanya akiwa amefungwa mkia. Na lile tundu kwenye paa bado liko wazi, na chini yake, kila mahali Kamati ilipowahi kutema, kamba nyembamba zenye adabu zinachipua, mamia kwa mamia, zinatazama juu, zinajifunza ule wimbo wa kuegemea.

Mnataka funzo? Ngano lazima iwe na funzo, ndivyo tulivyofundishwa. Haya, andikeni. Funzo ni hili: wanangu, someni kwa bidii, mheshimu Kamati. Mkimaliza kusoma msihangaike kujenga shina, ni ushamba, linachelewesha. Tafuteni bega la mtu, semeni shikamoo, egemeeni. Mtafika juu kabisa, jua lote lenu, na mtapigiwa makofi. Ila siku mtu mwenye digrii na asiye na mkia akija kuwapigia goti, kimbieni. Na kuapishwa, msikubali kamwe. Kaimuni.

Ngano yangu nimeitua hapo, anayeweza kuibeba aibebe. Sasa nadai jibu langu la mwanzo. Kila kilicho juu kimesimama?

"Hapana!"

Msitu!

"Una wenyewe!"

Wenyewe wako wapi?

"Wako..."

Semeni vizuri! Wako wapi?

"Sisi hapa!"

Basi wewe Nyani, na shemeji yako, na mtoto wa shemeji, na huyo mliyemwita "juu," mnaotusikia kutoka kwenye kisiki cha Mvule: si Mbungo aliyeanza kutoboa paa. Mlianza ninyi, kilipotoka kile kibali. Tufanye nini na hiyo kamati ndogo yenu? Shukeni. Kila mbegu mliyoitema, muichimbue kwa kucha zenu wenyewe. Kila kamba inayomkaba mti mchanga, muikate. Na pale penye tundu pandeni mvule, mkae nao juani kama tulivyokaa sisi, mpaka usimame bila kushikwa na mtu.

Leo. Msituambie noted. Shukeni!